Kumsikiliza Mzee Fauré: mwongozo kamili wa kazi sita za miaka yake ya vita na uziwi

Ukiandika jina la Gabriel Fauré kwenye simu yako, programu ya muziki itakuletea kwanza vipande vya miaka yake ya kati: Requiem, Pavane, pengine Sicilienne. Ni vizuri, na vinastahili kupendwa. Lakini kuna kazi sita ambazo mzee huyu Mfaransa aliziandika kati ya 1916 na 1924, akiwa na umri wa miaka 71 hadi 79, masikio yake yameshaharibika, na nchi yake kwanza imo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha inahesabu wafu wake. Hizo ndizo ninazotaka uzijue.

Wengi huzigusa mara moja na kuziacha, kwa sababu wameingilia mlango usiofaa. Mimi nilianza na ile ya mwisho kabisa, kwarteti ya nyuzi, yaani kazi ya ala nne za nyuzi. Nikasikia kitu kinachotiririka bila kituo, nikaifunga, nikakaa karibu mwaka mzima bila kuirudia. Njia ninayoieleza hapa ndiyo ambayo ningependa mtu angenionyesha siku ile.

Kazi zote sita zikipigwa mfululizo huchukua saa mbili na dakika ishirini hivi. Usizipige mfululizo. Jipe wiki sita au saba, kazi moja kwa wiki, na kila moja uisikilize si chini ya mara tatu. Muziki huu haujionyeshi siku ya kwanza.

Kabla ya kuanza: vifaa na utafutaji

Weka spika ya simu kando. Sauti za chini za selo (ala kubwa ya jamii ya fidla) na za mkono wa kushoto wa piano hupotea humo, na katika muziki wa Fauré sauti ya chini ndiyo inayogeuza njia. Ukiikosa, utadhani yaliyo juu yanazurura tu. Tumia visikizi vya masikioni, hata vya bei nafuu, au redio yenye spika nzuri.

Unapotafuta, andika jina pamoja na namba ya kazi, kwa mfano Fauré Op. 117. Namba ndiyo inayookoa: Fauré ana sonata (kazi ya ala moja pamoja na piano) mbili za fidla, sonata mbili za selo na kwinteti (piano na ala nne za nyuzi) mbili, na ukitafuta kwa jina tu unaweza kupewa ile nyingine. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Kila kazi ina sehemu tatu au nne, na kila sehemu ni faili lake. Zikivurugika, umepoteza hadithi. Kwa wapigaji, sonata za selo za Steven Isserlis na kwarteti ya Quatuor Ébène ni mahali pazuri pa kuanzia. Kama unasoma noti, tovuti ya IMSLP ina nakala za bure za kuchapisha.

Neno moja kuhusu aina ya muziki. Huu huitwa muziki wa chumbani: wapigaji wawili hadi watano, kila mmoja na njia yake peke yake, hakuna kiongozi wa kupunga mikono. Ukiwahi kuimba kwaya siku ambayo wamefika watu wanne tu, mmoja kwa kila sauti, unajua hali hiyo. Huwezi kujificha nyuma ya mwenzako.

Hatua ya 1: Ielewe ajali ya masikio yake kwa kuipiga mwenyewe

Fauré alizaliwa Pamiers, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1845. Kuanzia 1905 alikuwa mkurugenzi wa Conservatoire ya Paris, chuo kikuu cha muziki cha nchi nzima, na tayari miaka miwili mitatu kabla ya hapo usikivu wake ulikuwa umeanza kupungua. Kupungua peke yake kungevumilika. Kilichomtesa ni kwamba sauti zilipotoka. Noti za chini sana zilimfikia zimepanda kiasi cha teri, yaani hatua tatu ukihesabu noti zote mbili. Za juu sana zilimfikia zimeshuka kiasi hicho hicho. Za katikati zilibaki sahihi, ila kwa mbali.

Kama una piano, kinanda cha umeme au hata programu ya piano kwenye simu, fanya jaribio hili. Piga akodi ya kawaida ambayo kila mwanakwaya anaijua: do ya chini kabisa, mi na so za katikati, do ya juu kabisa. Sikiliza ilivyotulia. Sasa piga kile ambacho kingefika kichwani mwa Fauré: ya chini ipande kutoka do hadi mi, za katikati zibaki mi na so, ya juu ishuke kutoka do hadi la. Do-mi-so-do imegeuka mi-mi-so-la. Chukua wimbo wowote wa kitabu cha nyimbo unaoujua kwa moyo, uupige hivyo mistari miwili. Mimi nilishindwa kumaliza mstari wa pili.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa akikaa mbele katika mitihani ya Conservatoire, akisikiliza wanafunzi, akijitahidi watu wasijue. Aliacha kazi mwaka 1920 akiwa na miaka 75. Muziki wa nje ulikuwa umemgeuka. Wa ndani ulibaki safi. Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa amelelewa katika shule ya Niedermeyer ya Paris, iliyofundisha wapiga kinanda wa kanisani, na mtu aliyesomea noti hivyo husikia karatasi inavyoimba bila kugusa ala. Kwa hiyo ukikutana na mahali pageni katika kazi hizi, usiseme "hakusikia alichoandika". Aliandika akodi zile kwa makusudi, noti kwa noti.

Hatua ya 2: Funza sikio lako mambo mawili

La kwanza ni fi na ta. Shule ile ya kanisani ilimfundisha Fauré ngazi za zamani za nyimbo za Kilatini, ambazo si meja wala maina, zile ngazi mbili za kawaida. Ukisoma solfa, utamwelewa haraka: anapopanda ngazi, mara nyingi fa inageuka fi (nusu hatua juu), anaposhuka, ti inageuka ta (nusu hatua chini). Imba do-re-mi-fi-so polepole mara kumi. Kisha do-ta-la-so. Ile hisia kwamba sakafu imesogea kidogo chini ya miguu, lakini hukuanguka, ndiyo ladha ya Fauré. Masikio yaliyozoea maqamu ya taarabu yatalipokea hili kwa urahisi kuliko masikio yaliyolelewa na meja peke yake, kwa sababu hayatarajii kila ngazi ifanane.

La pili ni urefu wa sentensi. Nyimbo nyingi tulizozoea hupumua kila baada ya mizani minne. Fauré wa uzeeni huunganisha. Anafika mahali ambapo unangoja kituo, naye anageuza noti moja ya besi na sentensi inaendelea kwingine. Usihesabu mizani. Fuata ala moja kwa mkono, ukichora mstari hewani, na uushushe mkono pale tu unapohisi pumzi kweli. Utashangaa jinsi mkono unavyochoka.

Hatua ya 3: Anza na dakika saba za maombolezo

Mlango unaofaa ni sehemu ya pili, Andante, ya Sonata ya Pili ya Selo, Op. 117, ya mwaka 1921. Serikali ya Ufaransa ilimwomba Fauré wimbo wa maombolezo kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka 100 tangu kifo cha Napoleon, tarehe 5 Mei 1921. Aliuandika, ukapigwa na bendi ya kijeshi, na baadaye akauchukua akauweka katikati ya sonata ya selo na piano.

Fikiria mwaka wenyewe. Ilikuwa imepita miaka miwili na nusu tu tangu mizinga inyamaze. Maombolezo yale yaliagizwa kwa ajili ya mfalme wa zamani, lakini katika Ufaransa ya 1921 hakuna aliyeweza kusikia wimbo wa mazishi akawaza mtu aliyekufa miaka mia iliyopita peke yake.

Sikiliza hivi. Mara ya kwanza, fuata piano tu: akodi zinatembea kwa hatua sawa, kama watu nyuma ya jeneza. Mara ya pili, fuata selo tu: inaimba katika sauti ya mwanamume mzima, haipigi kelele hata panapopanda. Mara ya tatu, zisikilize pamoja na ungoje mahali pa katikati ambapo rangi inafunguka na huzuni inalegea kidogo. Baada ya hapo ndipo usikilize sonata yote. Sehemu ya kwanza inaanza kwa piano kusema jambo na selo kulifuata nyuma yake, kama mtoto anayerudia maneno ya mzazi nusu pumzi baadaye. Sehemu ya mwisho ni nyepesi na ya kasi, na inapendeza kujua kwamba aliyeiandika alikuwa na miaka 76.

Hatua ya 4: Trio, kwa sababu ndiyo iliyo wazi kuliko zote

Trio Op. 120, ya piano, fidla na selo, ina dakika ishirini na sehemu tatu. Ilipigwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 12 Mei 1923, siku ambayo Fauré alitimiza miaka 78. Aliianzia Annecy-le-Vieux, milimani karibu na ziwa, na sehemu ya katikati, Andantino, ndiyo iliyozaliwa kwanza.

Nenda moja kwa moja kwenye hiyo Andantino. Fidla inaanza, selo inajibu, na kwa muda mrefu wanapokezana kwa adabu. Kisha sikiliza wanapoanza kuimba noti zilezile kwa pamoja, kila mmoja katika okteva yake, piano ikisukuma chini yao. Fauré wa uzeeni hupenda jambo hili: badala ya kurundika sauti, anaziondoa. Ukurasa wake una noti chache kuliko ule wa ujanani, na kila moja inabeba mzigo. Wapiga piano hulalamika kwamba mikono yao haina pa kujificha. Wana haki.

Hatua ya 5: Sonata mbili za wakati wa vita

Sasa una sikio la kutosha kuingia vitani, na hapa ningekuomba ukae zaidi.

Kiangazi cha 1914 Fauré alikuwa Ujerumani, katika mji wa Ems, ambako alikwenda kutunga kama ilivyokuwa desturi yake ya likizo. Vita vikamkuta huko. Alipenya hadi Uswisi, na kutoka hapo akarudi Paris. Mwanawe mdogo, Philippe, aliingia jeshini. Mwanafunzi wake wa zamani, Maurice Ravel, alikuwa akiendesha lori la jeshi karibu na Verdun mwaka 1916. Wakati huohuo wanamuziki wa Paris, wakiongozwa na Camille Saint-Saëns, walitaka muziki wa Kijerumani upigwe marufuku. Saint-Saëns alikuwa mwalimu wa Fauré tangu akiwa kijana na rafiki yake wa maisha. Fauré alikataa kujiunga. Aliona muziki una nchi yake yenyewe, iliyo juu ya mataifa yote, na kwamba unashushwa hadhi ukilazimishwa kubeba hasira ya taifa moja. Urafiki wao haukuvunjika. Kwa mtu mwenye mtoto vitani, naona msimamo huo ulihitaji moyo mkubwa.

Ndiyo maana hutasikia mizinga katika Sonata ya Pili ya Fidla, Op. 108 (1916–17), wala katika Sonata ya Kwanza ya Selo, Op. 109 (1917). Usiitafute. Tafuta kitu kingine: mapigo yaliyovunjika.

Anza na Op. 108. Piano inaingia peke yake, chini, kwa mwendo unaojikwaa; miguu inatafuta ardhi. Jaribu kupiga makofi pamoja nayo kwa dakika moja. Utapotea, na kupotea huko ndiko kulikokusudiwa. Fidla inapoingia haitulizi mambo. Mtu aliyeandika Sonata ya Kwanza ya Fidla zaidi ya miaka arobaini nyuma, iliyojaa jua, sasa anaandika kwa meno yaliyokazwa. Kisha inakuja Andante, na hapa kuna siri ya kufaa kuijua. Wimbo huo hakuutunga wakati wa vita. Uliokolewa kutoka kwenye simfoni yake ya D maina, iliyopigwa 1885, ambayo hakuridhika nayo akaiharibu. Katikati ya vita mzee alifungua kasha la ujanani mwake akatoa kitu kimoja kilichobaki. Sikiliza sehemu ya tatu ukiwa na kalamu: mada za sehemu ya kwanza zinarudi, safari hii zikiwa katika mwanga wa E meja. Andika dakika unayozitambua. Usipozitambua, rudi mwanzo, usione haya. Mimi nilihitaji mara nne.

Sonata hii aliitolea kwa Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, mpiga fidla mwenyewe, ambaye nchi yake wakati huo ilikuwa karibu yote mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Lucien Capet na Alfred Cortot waliipiga kwa mara ya kwanza Novemba 1917.

Op. 109 ni kali zaidi. Aliiandika Saint-Raphaël, ufukweni mwa Mediterania, kiangazi cha 1917, na nayo inaanza kwa mada iliyookolewa kutoka simfoni ileile. Selo inashambulia, piano inarusha akodi fupi nje ya pigo. Wanaomjua Fauré kwa upole wa Requiem hushtuka. Kama kuna mahali popote alipoiacha hasira itoke, ni dakika hizi tano. Halafu Andante inakuja polepole, na sehemu ya mwisho inaelea katika D meja bila haraka. Baada ya mwanzo ule, sijui faraja nyingine ya muziki iliyopatikana kwa haki zaidi.

Sikiliza sonata hizi mbili katika usiku mmoja, kwa mfuatano huo. Hii ndiyo nafasi pekee katika mwongozo huu ambapo nashauri kuunganisha.

Hatua ya 6: Kwinteti, kwa kuifuata viola

Kwinteti ya Pili ya Piano, Op. 115, ina sehemu nne na dakika zaidi ya thelathini. Aliifanyia kazi kuanzia 1919 hadi 1921 na kuitolea kwa mtunzi mwenzake Paul Dukas. Watu watano wakipiga kwa pamoja ni wengi kwa msikilizaji mgeni, basi shika mmoja tu: viola. Ni kubwa kidogo kuliko fidla, na sauti yake ni ya alto katika kwaya. Piano inafungua kama maji ya kijito, na ni viola inayoimba kwanza mada kuu, kabla ya wengine kuingia mmoja mmoja. Mtunzi mwingine angeipa fidla.

Mimi naamini hapa ajali ya masikio na chaguo la kisanaa vinakutana. Sauti za katikati ndizo zilizomfikia zikiwa kweli, na katika kazi hizi katikati ndiko kwenye moyo wa mambo. Lakini Fauré alipenda eneo hilo hata akiwa mzima, kwa hiyo usiufanye uziwi kuwa ufunguo wa kila mlango.

Sehemu ya pili ni ya kasi sana, ngazi zikikimbia na nyuzi zikidonolewa kwa vidole. Ichukue kama pumziko. Ya tatu, Andante moderato, ipe usiku mzima peke yake. Taa zimezimwa, simu mbali.

Kazi hii ilipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Mei 1921, katika ukumbi wa zamani wa Conservatoire. Watu waliinuka na kumshangilia mzee aliyekuwa amekaa kati yao. Aliona mikono ikipiga makofi. Muziki wenyewe hakuusikia.

Hatua ya 7: Kwarteti ya nyuzi, mwisho

Fauré alikwepa kwarteti ya nyuzi maisha yake yote. Watunzi wengi waliomfuata Beethoven waliiogopa, naye alimwandikia mkewe, Marie, akikiri hofu hiyo. Septemba 1923, huko Annecy-le-Vieux, akaianza hatimaye, na tena sehemu ya katikati ikatangulia. Ni kazi yake kubwa pekee ya muziki wa chumbani isiyo na piano kabisa. Aliimaliza Septemba 1924, na tarehe 4 Novemba mwaka huohuo akafariki Paris.

Isikilize Op. 121 kwa mpango huu. Siku ya kwanza, sehemu ya kwanza tu: viola inauliza, fidla ya kwanza inajibu. Mada hizi nazo ni za zamani, kutoka konseto ya fidla (kazi ya fidla na okestra) aliyoianza mwaka 1878 akaiacha njiani. Tafuta swali na jibu, basi. Siku ya pili, Andante, mara mbili. Hapa hakuna wimbo utakaoweza kuuimba njiani. Kuna sauti nne zinazopanda na kushuka kwa pamoja, na fi na ta zako za Hatua ya 2 zimejaa kila mahali. Usingoje kilele. Siku ya tatu, sehemu ya mwisho: selo inaimba huku wenzake wakidonoa nyuzi, na mwendo unakaribia kuwa wa ngoma. Siku ya nne, zote tatu bila kusimama, dakika ishirini na nne.

Kabla ya kufa aliagiza kwarteti ipigwe kwanza faraghani, mbele ya marafiki wachache ambao siku zote ndio waliosikia kazi zake mpya, wao waamue kama ichapishwe au iachwe. Kazi ya kukamilisha alama za nguvu na ulaini wa sauti aliiachia mwanafunzi wake Roger-Ducasse. Marafiki wakakubali ichapishwe, na tarehe 12 Juni 1925 ikapigwa hadharani.

Ukimaliza siku ya nne, rudi kwenye Andante ya Op. 117 uliyoanzia, na usikilize kama piano bado inatembea kwa hatua zilezile.